Joto si adui pekee wa gesi baridi

Mhariri,

Makala za gesi za kwantamu (gesi baridi mno ambazo atomi zake hutenda kama mawimbi) humwacha msomaji akiamini kwamba ukipoza atomi vya kutosha, mawimbi yake yatakwenda fezi moja daima, yaani yatapanda na kushuka pamoja. Rubidi-87 ilipofikishwa karibu nanokelvini 170 (sehemu 170 za bilioni za digrii moja juu ya sifuri halisi) huko Boulder, Marekani, mwaka 1995, kazi ya kuilinda fezi hiyo ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Chukua wingu la atomi 10,000, uligawe ghafla mara mbili. Tofauti ya idadi kati ya nusu hizo hubadilika kwa takriban atomi 100 kutoka jaribio hadi jaribio. Atomi husukumana, hivyo nusu yenye nyingi ina nishati zaidi na fezi yake hukimbia. Hakuna joto lililoingia, lakini fezi imetawanyika.

Hapa ndipo wapimaji hukosea. Hujumlisha picha mia za nusu hizo zikipishana, mistari ya mwingiliano (milia ambayo mawimbi yake huchora) ikafutika, wakatangaza kwamba koherensi, yaani mpangilio wa fezi, imekufa. Tazameni picha moja moja! Mistari ikiwa mikali lakini inahamahama, kila wingu ni zima. Kilichopotea ni uhusiano kati ya mawili hayo. Ikififia ndani ya picha moja, shukuni joto ndani ya wingu (au lenzi isiyolengwa sawasawa, kosa la mara nyingi kuliko linavyokiriwa).

Dawa zipo, na kila moja ina bei yake. Kugawa polepole hupunguza utata wa idadi (kubadilikabadilika kwake), ila fezi huanza na utata mkubwa zaidi. Potasi-39 ikiwekwa kwenye uga wa sumaku wa karibu gausi 350 (gausi ni kipimo cha nguvu ya uga huo), msukumano hukaribia sifuri. Sasa uga wenyewe lazima utulie. Kupunguza msongamano husaidia maradufu: msukumano hupungua, na upotevu pia, kwani ukiuongeza mara mbili, kasi ya kila atomi kupotea kwa migongano ya atomi tatu hupanda mara nne. Mwangwi wa spini, yaani kugeuza hali za atomi katikati ya muda, hufuta tofauti zisizobadilika tu. Mtetemo wa umeme wa hezi 50 hausubiri.

Na si kila kilichofutika kimepotea. Mwaka 2002, nchini Ujerumani, rubidi iliyofungwa katika kimia cha leza (vishimo vidogo vilivyopangwa kwa mwanga) ilipoteza mistari yake, kisha ikairudisha baada ya takriban nusu milisekunde, kwa msukumano uleule ulioiondoa.

Msomaji wako,
Mwanafizikia wa atomi