Kiroba cha maganda ya chaza

Kihonda, Morogoro
12 Februari

Mama Salma mpenzi,

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote, na mguu wa mzee unaendeleaje? Huku wazima, homa imemwachia Idi na shule kaenda. Najua miezi mitatu imepita sijakuandikia, na hela ya vitenge bado unanidai, sijasahau. Leo lakini nakuandikia kwa ajili ya kuku. Nina shida nawe, na wewe mwenyewe una jambo la kujihadhari nalo kabla hujafika nilikofika mimi.

Wale chotara wangu 22 niliowaanza baada ya harusi ya Rukia walikuwa wananipa trei nzima kila siku mbili. Tangu Januari mayai yakanibadilikia. Kwanza ganda likawa na chengachenga kama limemwagiwa mchanga, kisha likawa jembamba, unalishika tu kidole kinazama. Mteja wangu wa chapati akarudisha sita kwa mkupuo, yote yana nyufa. Nikawagombeza watoto bure kwamba wanayagonga. Halafu Jumanne moja alfajiri natia mkono kwenye kiota, nakuta kitu cha moto, kibichi, kinabonyea. Nikawasha tochi ya simu: yai zima, utando mtupu, ganda hamna! Limelala kiganjani kama puto lililotiwa maji, na kiini unakiona kinacheza ndani. Mwili ulinisisimka.

Bibi Hawa akasema ni kijicho. Mimi nikaogopa mdondo, maana chanjo ya matone ya jicho niliichelewesha wiki mbili. Lakini hakuna aliyekohoa, hakuna aliyeharisha kijani, wanakula na kupekua kama kawaida. Kisha yule mweusi wa shingo ya dhahabu, unamkumbuka, aliyekumalizia mchicha kwenye kikapu, akakaa chini asiinuke. Macho angavu, chakula anakitaka, kusimama hawezi. Siku ya pili akafa.

Bwana mifugo alimpasua mbele yangu. Mfupa wa kidari umepinda kama mundu, na paja alipolikunja kidogo tu likakatika, kah, kama kijiti cha muhogo mkavu. Akaniuliza, "Mama, unawalisha nini?" Nikamweleza ukweli, kwamba tangu chakula cha kutagia kipande bei nachanganya nusu kwa nusu na pumba za mahindi. Akanipigia hesabu nyuma ya daftari la Idi. Kuku anayetaga anahitaji kama gramu 4 za kalsiamu kwa siku, na ganda la yai moja peke yake linabeba gramu 2 na ushee. Chakula cha kutagia kina asilimia 3.5 hadi 4, kwa hiyo akila gramu 120 anaipata yote. Pumba karibu hazina kitu. Ile nusu niliyoitoa ndiyo ilikuwa ganda lenyewe. Na kuku, Mama Salma, haachi kutaga mara moja kwa sababu hana. Anachimba kwenye mifupa yake. Yule mweusi alikuwa ananipa mayai ya kuuza kutoka mapajani mwake, na mimi nahesabu faida ya pumba. Hilo haliniondoki. Mpaka leo nikilala nausikia ule mlio wa paja.

Joto nalo limechangia. Unaijua Morogoro ya Februari. Kuku anayehema mdomo wazi mchana kutwa anakula kidogo, na kule kuhema kunampotezea hewa ya ukaa ambayo mwili unaihitaji kutengenezea ganda. Nimewaezekea makuti upande wa magharibi, na maji nawabadilishia saa sita na saa tisa.

Sasa nimerudi kwenye chakula kizima, na chokaa ya mifugo, yenye kalsiamu hiyo, nawawekea kwenye chombo chake pembeni, kila mmoja ale kadiri anavyotaka. Usiichanganye na ile chokaa ya kupakia nyumba! Fundi aliniletea mfuko kwa wema wake, bwana mifugo akanizuia, inaunguza. Kuku wawili walioanza kuyumba niliwatenga kwenye tenga. Mmoja amesimama juzi, nikalia. Mwingine bado namnywesha kwa kijiko.

Ndipo shida yangu inapoingia. Chokaa ya hapa ni unga mtupu, unapita tumboni haraka. Ganda linachukua kama saa 20 kuvikwa yai, na kazi kubwa inafanyika usiku, wakati kuku hali. Vipande vya ganda la chaza, ukubwa wa mahindi yaliyoparazwa, vinakaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole mpaka asubuhi, ukiwapa jioni. Huko Tanga mnayakanyaga tu. Niombee kiroba kimoja kwa wale kina mama wanaookota pwani. Yaoshwe chumvi, yaanikwe, yapondwe kinuni, tena kinu kibovu, usiharibu chako. Nauli ya basi nalipa mimi. Maganda ya mayai yenyewe nayatumia pia, ila nayakaanga na kuyasaga kabisa, wasije wakajifunza kula mayai.

Na wako ulionunua Desemba, usiwakimbizie chokaa kwa hofu yangu. Wakipewa nyingi kabla hawajafikia kutaga, figo zinaharibika. Ngoja wiki ya 18 hivi, au uone yai la kwanza. Mwanzoni ukikuta la viini viwili, au dogo lisilo na kiini, usishtuke, mwili bado unajipanga. La ngozi tupu likijirudia, hapo usikae kimya kama mimi.

Sasa wana wiki ngapi? Unawapa nini, na nani anakuchanganyia? Umewachanja mdondo? Wanapata jua, au bado umewafungia kule nyuma ya jiko? Maana bila jua hata chokaa wanayokula haiingii vizuri mwilini. Salma kapata matokeo? Yule mzee wa Chumbageni amekubali kukuuzia banda, au bado anazungusha? Nijibu hata mistari miwili, na uniambie kiroba kitakuja na basi la siku gani nikakipokee stendi.

Wako,
Mama Idi