Nyambura au Akoth? Mtoto wangu bado anangoja jina

Kwako Shangazi,

Pokea salamu kutoka Umoja, hapa Nairobi. Nina binti wa miezi mitano ambaye kila upande wa ukoo unamwita kivyake, nami nimechoka kukaa katikati.

Mimi ni Mjaluo wa Siaya, mume wangu ni Mkikuyu wa Murang'a. Kwao mpangilio wa majina unajulikana: msichana wa kwanza huitwa jina la nyanya mzaa baba, wa pili la nyanya mzaa mama, na wavulana vivyo hivyo kwa mababu. Nyanya akiwa hai hakuna neno. Tena ndiyo raha yake, amwone somo wake akikua. Mama mkwe anaitwa Nyambura. Alipokuja kumwona mtoto pamoja na wanawake wenzake wa kijijini, wamebeba itega, yaani zawadi za mtoto, za unga, ndizi na shuka, alimpakata akamsalimia kwa jina lake mwenyewe. Hakuuliza mtu. Na kwa nini aulize?

Kwetu mtoto hupewa jina la saa au hali aliyozaliwa nayo, na pengine jina la juogi, yaani la marehemu wa ukoo anayetaka kukumbukwa. Binti yangu alizaliwa Januari, adhuhuri, jua la utosi, kwa hiyo kuitwa Achieng hakuna anayepinga. Taabu iko kwenye lile la pili. Mama yangu, Akoth, alifariki kabla sijaolewa. Mtoto akiwa bado mchanga, mama mdogo alinipigia simu alfajiri: amemwota dada yake ameketi nje ya mlango wangu, anauliza mbona hafunguliwi. Tangu siku hiyo mtoto akilia usiku naambiwa analilia jina. Kliniki waliniambia ni msokoto wa tumbo, na kweli umepungua, lakini mama mdogo anasema umepungua kwa sababu namnong'oneza "Akoth" ninapombembeleza. Kunong'oneza namnong'oneza, sikatai.

Tena ana hoja nyingine inayonitia hofu zaidi: eti kumpa mtoto jina la mtu aliye hai ni kumharakishia huyo mtu kaburi. Mama mkwe ana presha. Akianguka kesho, atalaumiwa nani?

Mume wangu, ambaye hapendi ugomvi, anaona amepata dawa. "Nyambura ni mvua, Akoth ni mvua," anasema. "Mama zetu wana jina moja. Tuandike Nyambura, na mama yako yumo humo humo." Hakudanganya. Mbura kwa Kikikuyu ni mvua, na ukoo wa Ethaga, unaojihesabu kuwa wa Nyambura binti wa Mumbi, mama wa Wakikuyu wote katika masimulizi yao, ulisifika kwa kuita mvua. Koth nayo ni mvua kwa Kijaluo, na Akoth ni msichana aliyezaliwa ikinyesha. Jirani yetu Mkamba aliposikia alicheka sana, akatuongezea Mumbua na Wambua wa kwao, Nafula na Wafula wa Wabukusu, Cherop na Kiprop wa Wakalenjin. Kwa hesabu hiyo nusu ya ploti yetu ni jina moja!

Lakini Shangazi, si maana ya mvua inayonisumbua hata kidogo. Mama kuzaliwa ikinyesha yalikuwa mambo ya nyanya yangu. Mimi nataka lile jina nililolisikia likiitwa na majirani nikiwa mdogo, lililoandikwa kwenye kitabu chake cha chama na sasa kwenye msalaba wake. Nikimwita binti yangu Nyambura, atakayeitika kichwani mwangu ni mama mkwe, ambaye nampenda, lakini si mama yangu.

Usiku nikinyonyesha husoma kwenye simu, na nimegundua hatuko peke yetu. Wayahudi wa Ashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, kwa desturi huwapa watoto majina ya waliofariki na kuyaepuka ya walio hai, hofu ileile ya mama mdogo. Wenzao wa Sefaradi, wenye asili ya Hispania na Ureno, humwita mjukuu jina la babu aliye hai, na babu akajisifu. Dini ni moja, Torati ni moja! Wagiriki wengi nao humpa mvulana wa kwanza jina la babu mzaa baba, kama wakwe zangu. Wayoruba wa Nigeria, msichana akizaliwa baada ya nyanya yake kufariki, wanaweza kumwita Yetunde, mama amerudi. Hilo lilinitoa machozi.

Najua utaniambia nimngoje msichana wa pili, ambaye hata kwa mila ya Wakikuyu ni wa mama yangu. Daktari amenishauri nisibebe mimba tena. Mume wangu anajua, mama mkwe hajui, na ndiyo maana kila nikigusia jambo hili hunipigapiga begani na kusema, "Zamu yako itafika tu."

Karatasi ya hospitali ina jina la ubatizo peke yake. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya miezi sita, ukipitisha hapo unaanza safari ya usajili wa kuchelewa. Jina laweza kubadilishwa ndani ya miaka miwili baada ya kusajiliwa, lakini nani ana nguvu za kuanza ugomvi huu upya?

Mume wangu yuko tayari tuandike Nyambura Akoth, kisha jina lake. Mama mdogo anasema marehemu hawekwi nyuma ya mtu. Wifi anasema mama yao ataona amegawiwa nusu.

Nimweleze mama mkwe habari ya daktari, ingawa naogopa ataona namshika kwa huruma? Au hilo ni la mwanawe kusema? Na kama umewahi kuona mtoto aliyebeba jina la aliye hai pamoja na la marehemu, nyumba hiyo walitanguliza lipi?

Mama Mtoto,
Umoja, Nairobi