Kaka, mrudishie binti gongo lake

Toronto, Kanada

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, ila baridi ya mwaka huu imetushika kweli kweli. Mwambie Mama ujumbe wake wa dawa za presha nimeupata, na mwisho wa mwezi nitatuma.

Leo nakuandikia kwa ajili ya binti yako. Wifi ameniambia kwa simu kwamba umemkataza kucheza magongo na gongo lake umelifungia stoo. Eti hisabati imeshuka, na majirani hapo Manyatta wanasema mchezo ule utamfanya awe kama mwanamume. La hisabati nitalifikia. Hilo la majirani ndilo limenikosesha usingizi, maana huku ninakoishi kuna mwanamke ambaye nataka uzijue habari zake.

Mtaa wangu unaitwa Flemingdon Park. Ni mtaa wa magorofa, wa watu waliotoka kila pembe ya dunia, wengi wa kipato kidogo kama sisi. Hapa pana ukumbi wa barafu, na tangu 2009 ukumbi huo unaitwa kwa jina la Angela James. Nikitoka zamu mapema hupita kuangalia wasichana wakifanya mazoezi ya hoki, yaani magongo ya kwenye barafu. Kwanza hupita mashine kubwa ikimwaga maji ya moto, yakiganda barafu inang'aa kama kioo. Wasichana wenyewe wako benchi, wanakaza kamba za viatu vyenye chuma chini mpaka vidole vinawauma. Hawachezi mpira, wanapiga kisahani cha mpira mgumu chenye upana wa kiganja, nacho kikigonga ubao wa pembeni mlio unakufikia ukiwa mlangoni. Na akina baba, kaka, wamesimama na makoti yao wanapiga kelele kuwashangilia mabinti.

Angela James alizaliwa mwaka 1964, mama yake akamlea peke yake hapa hapa mtaani, kwenye nyumba za kodi nafuu. Baba yake alikuwa Mmarekani mweusi. Akiwa mdogo alicheza na wavulana na akawazidi, kisha ligi ile ikaamua kuwa ni ya wavulana peke yao. Akahamia kwa wanawake. Katika chuo cha Seneca alicheza beki na bado akawa anaongoza kwa mabao. Mwaka 1990, ubingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake ulipofanyika Ottawa, alifunga mabao 11 katika mechi 5, na Kanada ikatwaa dhahabu. Akatwaa nyingine 1992, 1994 na 1997.

Hayo yote bila mchezo kumlipa mshahara. Alikuwa na kazi yake chuoni, hoki ni baada ya kazi. Halafu 1998 wanawake wakaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Nagano, Japani, na kocha akamwacha nje ya timu. Jambo hilo huniuma kila nikilikumbuka. Mtu ametoa ujana wake wote kuujenga mchezo, na siku dunia nzima inapowasha televisheni kuutazama, yeye hayumo. Kanada ilifungwa 3-1 na Marekani katika fainali. Heshima yake ilikuja 2010, yeye na Cammi Granato wa Marekani walipokuwa wanawake wa kwanza kuingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa hoki.

Utaniuliza, sasa faida iko wapi? Ni swali la haki, kaka. Wanaocheza leo wanalipwa. Ligi yao ilifungua pazia hapa Toronto tarehe 1 Januari 2024, na msimu huo wa kwanza mshahara wa chini kwenye mikataba ulikuwa dola 35,000 za Marekani. Kwa maisha ya huku hizo si pesa nyingi, lakini ni kazi kama kazi nyingine. Aprili mwaka huo mechi ya Montreal na Toronto iliingiza watu 21,105.

Na hisabati? Kuna Hayley Wickenheiser, mchezaji mwingine wa hoki wa Kanada. Aliitwa timu ya taifa akiwa na miaka 15, akashinda dhahabu 4 za Olimpiki, akastaafu 2017, na 2021 akahitimu udaktari. Binti yako amekuwa akisema udaktari tangu darasa la nne.

Sikuambii aje kucheza barafuni. Magongo ya wasichana yako hapo hapo kwetu. Shule ya Sinyolo si mbali na wewe, ya Nyamira Girls iko Siaya, ya Tigoi iko Vihiga, na klabu ya Lakers ya Kisumu ina timu ya wanawake. Vyuo vikuu vya USIU na Strathmore navyo vina timu za wanawake, kwa hiyo akimaliza shule hatakosa pa kuchezea huku akisoma. Majirani wanaosema atakuwa mwanamume hawajawahi kumlipia karo hata muhula mmoja.

Ninachoomba ni hiki. Michezo ya muhula wa kwanza inakaribia, na kocha wake hawezi kumpanga kama hafanyi mazoezi. Mwache acheze jioni, usiku ashike vitabu. Twisheni ya hisabati ya Jumamosi nitailipa mimi mpaka mtihani, wewe tafuta mwalimu tu. Pesa za kinga za miguu na ya meno nimeshamtumia wifi kwa M-Pesa. Anunue ya meno iliyo nzuri, asichukue ya bei rahisi, maana mpira wa magongo ni mgumu na meno hayarudi. Gongo litoe stoo kabla hajarudi shule, na umkabidhi wewe mwenyewe, asipewe na mamake. Akipewa na baba yake atacheza bila woga.

Msalimie Baba Mkubwa wa Ahero. Nikipata likizo nitakuja, na nitapenda kwenda naye uwanjani sote wawili, mimi na wewe.

Ni mimi dada yako.