Barua kwa mwanangu anayengojea mwisho wa dunia

Malindi, Jumapili jioni

Mwanangu Kahindi,

Bwana asifiwe, baba. Huku nyumbani tu wazima. Kusi limeanza kuvuma, bahari imechafuka, samaki wamepanda bei, na wateja wangu wa asubuhi siku hizi ni mahamri na mbaazi tu, hawaulizi kingine. Nyanyako anakusalimu. Goti lake ni lile lile.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza, halafu nikampa Dama naye ausikilize, nijue kama nimesikia sawa. Unasema hutatuma tena maombi ya kazi. Ukiangalia Sudan, Kongo, Gaza na Ukraine, ukikumbuka vijana waliopigwa risasi Nairobi kwenye maandamano ya Juni 2024, ukitazama na bei ya unga, unaona hizi ni siku za mwisho, na mwenye akili ataacha mambo ya dunia akae angoje unyakuo, achukuliwe juu mbinguni. Na kuna mwalimu mmoja unamfuata kwenye simu, anafundisha hayo usiku kucha.

La kwanza, sikubishii kwamba Yesu atarudi. Hilo nimelishika tangu nikiwa msichana. Siku tuliyomzika babako, kama si tumaini la mbinguni ningeshuka naye kaburini. Watu walikuja na pole zao, wakala, wakaenda zao, mimi nikabaki na neno moja la Bwana: kwamba nyumbani mwa Baba mna makao mengi. Kwa hiyo usidhani mamako amezama katika biashara hata amesahau mbingu. Ninaitamani. Kuna asubuhi ninakanda unga saa kumi za alfajiri, mgongo unauma, nikasema kimoyomoyo, njoo, Bwana Yesu. Nikasema, kisha nikaendelea kukanda.

Lakini maneno hayo ya kuacha mambo ya dunia, mwanangu, sisi wa Malindi tumeyasikia. Tunajua yalikoishia.

Aprili 2023 wewe ulikuwa bado chuoni. Msitu wa Shakahola uko huku kwetu bara, upande wa Chakama, na miili iliyofukuliwa kule ililetwa hapa hapa mjini, kwenye chumba cha maiti cha hospitali yetu. Nafasi haikutosha, wakaleta makontena ya baridi. Watu zaidi ya 400, wafuasi wa yule mhubiri Mackenzie, wengi wao wamekufa njaa wakidhani wanakwenda kukutana na Yesu, na watoto wengi sana miongoni mwao. Watu walikuja kutoka pande zote za Kenya kutafuta ndugu zao, wakatolewa vipimo vya DNA, na wengine walingoja hadi mwaka uliofuata ndipo wakakabidhiwa mwili wa kuzika. Mwaka 2025 makaburi mengine yakapatikana Kwa Binzaro, huko huko Chakama. Tulidhani tumejifunza.

Nawe jiulize walianza vipi. Hakuna aliyeambiwa siku ya kwanza, njoo ufe njaa. Waliambiwa shule ni ya dunia, basi watoto wakatolewa shuleni. Hospitali ni ya dunia. Kazi ni ya dunia, wakauza vitu, wakaacha ajira zao. Chakula kikawa cha mwisho katika orodha ndefu. Wengine waliokolewa wakiwa mifupa mitupu, na wakipewa uji wanaukataa, eti wanacheleweshwa kukutana na Yesu. Kwa hiyo mtoto wangu, tena mwenye diploma ya uuguzi, akiniambia ameacha kutafuta kazi kwa sababu ya mbinguni, usinilaumu moyo ukinipasuka. Sijasema mwalimu wako ni kama yule. Simjui. Ninasema ngazi ile nimeona mwisho wake, nawe umekanyaga kipandio cha kwanza.

Sasa nifungulie Biblia, maana najua utasema mama anaogopa tu. Mathayo 24, sura ambayo walimu wa siku za mwisho wanaipenda kuliko zote. Vita na matetesi ya vita, njaa, matetemeko. Ni kweli imo. Lakini katikati ya hayo Bwana anasema, “angalieni, msitishwe,” kisha anasema mwisho bado. Anasema tena kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika, ila Baba peke yake. Basi yule anayekesha akikuhesabia miaka kwenye simu ameyapata wapi ambayo malaika hawanayo?

Tena usikomee hapo, soma hadi mwisho wa sura, maana wengi hawafiki. Bwana anauliza ni nani mtumwa mwaminifu mwenye akili. Halafu anamweleza: ni yule aliyewekwa juu ya watu wa nyumbani awape chakula kwa wakati wake, na bwana wake akija amkute akifanya hivyo. Akifanya hivyo, Kahindi! Katika sura nzima ya mwisho wa dunia, aliyesifiwa kwa kungoja vizuri ni mtu anayepakua chakula. Mimi muuza mahamri nilipoliona hilo nilicheka peke yangu jikoni. Na yule mtumwa mbaya katika sura hiyo hiyo ndiye anayewapiga wenzake. Baada ya Shakahola sura ile siwezi kuisoma kama zamani. Kule watoto walinyimwa chakula kwa jina la Bwana, na Bwana mwenyewe alikwisha kusema atamtafuta aliyewalisha.

Ule mstari wa Wakolosai ulionitumia, wa kuyafikiri yaliyo juu, ni mzuri, lakini uliukata. Aya chache tu chini yake Paulo anazungumzia hasira, uongo, matusi, mume na mke, watoto na baba zao, watumwa na mabwana. Yaliyo juu kwake yanaingia mpaka jikoni na kwa mwajiri. Na Wathesalonike walipoingiwa na homa kama yako, wakaacha kazi kwa sababu ya siku ya Bwana, aliwaandikia bila kuwabembeleza: asiyetaka kufanya kazi, na asile. Nadhani ndiyo aya pekee ya Paulo ambayo nyanyako anaijua kwa moyo.

Na hili la kuona dunia imeharibika kuliko wakati wowote. Mmisionari Francis Xavier alipotia nanga hapa Malindi mwaka 1542, akielekea India, mwenyeji mmoja Mwislamu alimuuliza kama huko kwa Wakristo nako watu wamepoa katika ibada, kwa sababu hapa mjini, kati ya misikiti 17, ni mitatu tu iliyokuwa na watu. Xavier aliyaandika katika barua yake. Karibu miaka 500 iliyopita, baba, na mzee wa watu alikuwa anasikitika kama tunavyosikitika kwenye kikundi cha akina mama siku ya Alhamisi. Sisemi dunia ni nzuri. Mpeketoni, Juni 2014, waliuawa watu zaidi ya 60, na wengi ni waumini wenzetu. Mama mmoja wa huko ninayejuana naye alirudi shambani, akapanda tena mahindi na korosho. Korosho! Mti wa kungoja miaka. Nilimuuliza kama haogopi, akasema anaogopa, lakini kama Bwana akichelewa, wajukuu watakula nini?

Wazee wetu Wagiriama pia walikuwa na tumaini la mbinguni, na hawakulikalia. Fuladoyo, katika miaka ya 1880, Mgiriama aliyebatizwa, David Koi, aliwaongoza watumwa waliotoroka kwa mabwana zao. Wakalima, wakasali, wakapokea na wengine waliokuja wakikimbia. Wenye watumwa wakamkata kichwa. Mtu kama huyo hakukosa kuitazama mbingu. Kwa kuwa uzima wake ulikuwa umehifadhiwa huko, hapa hakuwa na cha kumtisha. Ukitaka kujua kama tumaini la mtu ni la kweli, mimi siulizi anajua nini kuhusu mnyama na chapa yake. Naangalia jirani zake wanapata nini kwake. Jirani yetu Bi Mwanaisha ni Mwislamu, hakubaliani nami hata neno moja juu ya Yesu kurudi. Lakini nilipougua malaria ni yeye aliyenipikia na kuniuzia mahamri, na hela zote akanipa. Itakuwa aibu gani kwangu ikiwa mimi ningojaye mbingu nina mkono mfupi kuliko wake?

Paulo alipofungwa gerezani alisema anatamani kwenda kukaa na Kristo, na hilo ni bora zaidi sana. Hakuficha. Kisha akasema lakini kubaki kunahitajika zaidi, kwa ajili yenu. Hapo ndipo nataka usimame. Utamani kwenda, na ubaki kwa sababu kuna wanaokuhitaji. Wewe umesomea kumtoa mtu kwenye njaa bila kumuua kwa chakula kingi, kumtafuta mshipa wa mtoto aliyekauka. Wale waliotolewa msituni walihudumiwa na watu wenye vyeti kama chako. Kama wauguzi wale nao wangekuwa nyumbani wakingoja unyakuo, nani angewapa uji?

Simu uizime saa tatu usiku. Hilo ni amri, si ushauri. Ukiamka soma Mathayo 24 na 25 kwa mfululizo, ile ya wenye njaa na wagonjwa nayo imo humo, halafu uniambie. Jumapili uende kanisa lenye watu unaowaona, wanaokujua jina, ambao ukikosa wiki mbili watakuuliza. Kama mchungaji wa hapo hakuridhishi, mtafute mzee mmoja anayesali na ambaye hana haraka, ukae naye. Kijana peke yake chumbani na sauti ya mtu asiyemjua, hapo sipapendi kabisa.

Fomu za wauguzi za kaunti zinafungwa mwisho wa mwezi. Dama ameona tangazo. Vyeti vyako vya sekondari viko kwenye lile begi la babako, kesho nitamkabidhi dereva wa basi la usiku, umpokee asubuhi stendi. Kuhusu nauli ya usaili usiwaze, mama wa hoteli akinilipa Ijumaa nitakutumia. Jaza, utume, kisha unipigie.

Mamako