Harambee ya Kupima Mahame ya Wachemsha Chumvi wa Uvinza

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zetu mlio nyumbani na mliotawanyika Kigoma mjini, Tabora, Dar es Salaam na kwingineko, tunawabishia hodi. Sisi ni kamati ya wazazi na walimu wa hapa Uvinza.

Mnazijua chemchemi za maji ya chumvi zilizo karibu na pale Mto Ruchugi unapoingia Malagarasi. Kandokando yake kuna mahame. Kiangazi, nyasi zikishaungua, unakanyaga vigae. Okota kimoja utaona masizi upande wa nje. Fukua kidogo kwa kidole, udongo ni majivu matupu. Hapo watu waliinjika vyungu juu ya mafiga, wakachochea kuni mpaka maji yakaisha, chumvi ikabaki.

Mwaka 1967 mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walichimba hapa, wakaonyesha kwamba kazi hiyo ilianza kwenye karne ya 5 au ya 6. Chumvi yetu ilifika Buha, Burundi, Unyamwezi na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Watu walikuja mito ikishapungua, wakajenga vibanda, wakachemsha, wakatoa fungu la mtawala, kisha mvua zikikaribia wakafunga mizigo. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kijerumani ikazishika chemchemi, na uchemshaji ule wa vyungu ukafifia.

Leo mafundi tofali wanachota udongo kwenye majivu hayo, na wapo wanaochimba usiku wakitafuta mali ya Mjerumani. Inatuuma sana. Shimo moja la usiku linachanganya tabaka za karne nyingi, na hakuna mtaalamu atakayeweza kuzipanga tena.

Kwa hiyo tunataka mahame yapimwe yote na kuchorewa ramani. Tunasema wazi: hatuchimbi, hatutafuti dhahabu, na hakuna shamba la mtu litakalochukuliwa. Wataalamu watatembea kwa mistari pamoja na wanafunzi wetu, wakipiga picha, wakiandika kila rundo la vigae lilipo na kuchukua vipimo kwa GPS. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu hivi, hivyo kazi haitaanza kabla ya kibali. Jioni wanafunzi watakaa na wazee ambao babu na bibi zao walichemsha chumvi, wawarekodi. Kwetu sisi hili ndilo la haraka kuliko yote, maana wazee hao wanazidi kupungua.

Tunahitaji shilingi 6,500,000 kwa nauli na posho za wataalamu, chakula cha wanafunzi, kukodi pikipiki na mtumbwi, na kabati la kufungia kumbukumbu shuleni. Elfu mbili inapokelewa, laki inapokelewa. Asiye na fedha alete mahindi, dagaa au maharage, au amkaribishe mgeni mmoja alale kwake.

Harambee ni Jumamosi ya kwanza ya Julai, saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Mlio mbali, tumeni kwa ndugu zenu walio hapa wawasilishe kwa mweka hazina. Kila mchango na kila ahadi itaandikwa, na risiti itakatwa palepale mbele ya watu.