Barua kwa mwanangu: jaza jina lako pale pa mtunzi

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nota zako zimefika. Nilizichapa pale steshenari ya sokoni, nikazisoma jioni hiyo hiyo kwa miwani ya mama yako, maana yangu imekatika mkono. Umetunga nyimbo za Misa nzima, kuanzia Bwana utuhurumie mpaka Mwanakondoo! Lakini kona ya juu kulia, pale pa mtunzi, umeacha wazi. Tena unaniambia mwalimu wa kwaya aliomba mwenyewe uilete ijaribiwe kwa ajili ya sikukuu ya somo wenu Sesilia, tarehe 22 Novemba, ukakataa. Kisa ni dada mmoja wa sauti ya pili aliyesema mbele ya watu kwamba siku hizi kuna mabinti wanatafuta ukubwa kanisani, akamalizia na Injili: ajikwezaye atadhiliwa.

Maneno ni ya Bwana, sibishani nayo. Ila kayasome pale yalipo, Luka sura ya 14. Yesu yuko mezani kwa Farisayo, anawaona wageni wanagombea viti vya mbele, anawaambia ukialikwa kakae nyuma. Watu wengi wakifika hapo wanafunga Biblia. Bado kuna mwenye karamu, anayekuja na kumwambia yule wa nyuma asogee mbele. Sasa, mama, mgeni akishaambiwa hivyo, akiendelea kung'ang'ania kiti cha nyuma anamheshimu nani? Wewe hukugombea kiti. Umeitwa.

Kuna kujishusha ambako ndani yake ni woga mtupu. Mtakatifu Thoma wa Akwino alilisema hili karne ya 13: kujikweza ni dhambi, na unyonge wa moyo nao ni dhambi, yaani mtu kukataa kufanya lile analoliweza, kama yule mtumishi aliyeifukia talanta ardhini. Akaeleza kwamba moyo wa kutaka makuu na unyenyekevu havigombani. Huo wa kwanza unatazama vipawa ambavyo Mungu amempa mtu, na unyenyekevu unatazama upungufu wa mtu mwenyewe. Nami nikiziangalia nota zako naviona vyote viwili, kipawa na upungufu. Nitakuja huko.

Kwa mapokeo ya Kanisa, Thoma huyo huyo ndiye aliyetunga Tantum ergo, wimbo wa Kilatini wa kuabudu Ekaristi tunaouimba Alhamisi Kuu, Papa Urbano wa Nne alipoianzisha sikukuu ya Mwili wa Bwana mwaka 1264. Papa aliagiza, naye akaandika. Desemba 1273 aliacha kuandika kabisa, akasema yote aliyoyaandika ameyaona kama mabua mbele ya yale aliyofunuliwa. Mapadre wanaipenda sana hadithi hiyo kwenye mahubiri. Wanasahau kutaja kwamba kabla ya siku ile alikuwa ameandika kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwanza andika. Kama ni mabua, utakuja kuonyeshwa.

Yuko pia padre mmoja Mwingereza, Gerard Manley Hopkins, ambaye nampenda na ananikera. Mwaka 1868 aliingia kwa Wajesuiti, akachoma mashairi yake akiona hayaendani na wito. Miaka karibu saba hakuandika kitu cha maana. Desemba 1875 meli ilikwama kwenye mchanga karibu na mlango wa mto Thames, wakafa masista watano Wafransisko, na mkuu wake akasema ingefaa mtu awaandikie shairi. Hopkins akaandika shairi refu, gumu, la mtindo ambao hakuna aliyewahi kuusikia, hata jarida la shirika lake mwenyewe likakataa kulichapa. Alikufa 1889, na mashairi yake yakatoka kitabuni 1918. Kule kuchoma sioni kulimfaidia nani. Lakini alipoitwa hakuleta shairi dogo ili asionekane, na lilipokataliwa hakutoka kwenye shirika.

Sasa tuje kwenye Misa yako, maana unyenyekevu ninaoutaka kwako uko humo.

Kwenye wimbo wa Utukufu umeongeza maneno yako, ule mstari wa "Ee Baba wa huruma", na bila shaka ndio wenye sauti tamu kuliko yote. Utoe. Maneno ya Utukufu ni ya Kanisa, mtunzi haruhusiwi kuyabadilisha. Peleka melodi hiyo kwenye wimbo wa shukrani baada ya Komunyo, huko hakuna atakayekuuliza.

Wimbo wa Mtakatifu ni tatizo kubwa zaidi. Umeuandika kwa ajili ya kwaya peke yake, sauti nne zinafukuzana, sauti ya kwanza inapanda mpaka A ya juu, na kabla ya Hosana ya mwisho kinanda kinapiga peke yake muda mrefu huku padre amesimama altareni anasubiri. Mwanangu, Mtakatifu ni wimbo wa taifa zima la Mungu pamoja na padre wao. Bibi wa benchi la nyuma asipoweza kuuimba Jumapili ya pili au ya tatu, umemnyang'anya kilicho chake. Uandike upya, mwepesi, ukae palepale ambapo koo la kawaida linafika. Ukitaka nafasi, iko kwenye Mwanakondoo, maana unaweza kurudiwa mpaka kumega mkate kuishe, mradi mara ya mwisho umalizie na kuomba amani.

Na kuhusu besi: ukurasa wa tatu umetushusha mpaka E ya chini. Misa ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, hakuna besi wa parokia anayefika huko. Tutaguguma tu.

Halafu jaza jina lako. Wanasema Michelangelo, kijana wa miaka ishirini na kitu, aliposikia watu wanampa msanii mwingine sifa ya sanamu yake ya Bikira Maria na maiti ya Mwanaye, ile iliyoko Basilika ya Mtakatifu Petro, alichonga jina lake kwenye mkanda wa kifuani mwa Maria. Sababu yangu mimi ni ya kawaida zaidi. Nota zitadurufiwa, zitasambaa kwenye simu, zitafika parokia usizozijua. Mwalimu akikuta kosa kwenye teno, amuulize nani? Wimbo usio na mwenyewe unazeeka na makosa yake.

Mkianza mazoezi mwalimu atakata ubeti, atabadilisha mwendo, labda atasema Utukufu bado haujaiva. Usinune, usiondoke kwenye mazoezi. Muulize kwa nini, andika, rudi wiki ijayo na nyingine.

Yule dada wa sauti ya pili mpelekee nakala kabla ya wengine, umwombe akupitishie mistari ya sauti yake. Amekaa kwenye sauti hiyo miaka mingi, na pale kwenye Bwana utuhurumie umewafanya waimbe noti moja karibu ukurasa mzima. Ana haki ya kulalamika.

Mama yako anakusalimu, anauliza utakuja lini. Nota za kinanda zitume kando, printa ya pale sokoni inakata mistari ya chini.

Baba yako