Noeli njema na Bonane (mwaka mpya mwema) kwa grupu yetu yote

Bandugu ba grupu, habari za sikukuu? Hapa Lubumbashi mvua inapiga tangu asubuhi, potopoto kila pahali, maembe yameiva mpaka watoto hawataki tena bukari (ugali), na kwa barabara za kutoka mji ba mama wanauzisha uyoga wa pori, ile mikubwa yenye moja tu inafunika sahani. Hiyo njo Noeli yetu ya Katanga.

Wengi wetu hatujaonana hata siku moja, tunajuana kwa picha na kwa odio, lakini mtu akinyamaza siku mbili tu grupu nzima inauliza uko wapi, umekula, mega za internet zimeisha? Yaya wa Likasi anatuamsha na odio ndefu, jogoo wake anaingilia katikati, na yule kijana wa Kolwezi anajibu, "Yaya, nimesikia jogoo vizuri, wewe rudilia." Miye ninacheka peke yangu ndani ya taxi-bus mpaka batu banageuka. Kicheko hicho kimenibeba mwaka huu, ninawashukuru kweli kabisa.

Maana mwaka ulikuwa muzito. Vita ilipofika Goma mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi wa pili, kuna siku tuliangalia tiki moja ya kijivu kwa mesaji zetu, haigeuki mbili, tunafungua simu tunafunga, tunafungua tena. Yule mama wa Kadutu, kule Bukavu, aliporudi kwa grupu hakuanza na habari za vita, alituma picha ya sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo, na kuuliza nani huko Katanga bado anadanganya batu kwamba vinkubala, viwavi vyetu vya kula, vinashinda samaki. Tulimjibu wote mara moja, kelele tupu, na miye machozi yalinitoka. Mama, Noeli hii tunakuombea usingizi wa amani, weye na jirani zako wote. (Na vinkubala vinashinda.)

Sasa Bonane. Grupu yetu iko na saa sita ya usiku mara tatu: wa Nairobi wanavuka wa kwanza, saa moja nyuma yao sisi wa Lubumbashi na Goma na Bukavu, kisha saa moja tena Kinshasa pamoja na ndugu yetu wa Bruxelles. Mila inabaki ile ile, wenye wameisha kuvuka wanauliza huko 2025 mungali munafanya nini, na wenye wamebaki nyuma wanauliza kama huko 2026 bei ya unga imeshuka. Ila ninaomba kitu kimoja: ukivuka, andikia kwanza mwenye amekuwa kimya, kisha uje kutuchokoza.

Mununue mega mapema, usiku ule rezo (mtandao) inakuwa nzito, na mutie simu chaji mbele umeme haujaenda. Kila mutu alete picha ya sufuria yake, ikuwe kuku, ikuwe sombe, yote tutasifu.

Noeli njema kwenu na kwa batoto, na Bonane, kila mutu kwa saa yake!